Minazi ya Bibi na Nakala Yake ya Pili

Mimi ni mtu wa mzaha, na nalisema hilo mapema ili mtu asije akanishtaki baadaye kwamba nilificha. Shuleni nimesimamishwa mara mbili, na mara zote mbili walimu walicheka kwanza ndipo wakatafuta fimbo. Haya ninayoyaandika hayana mzaha mwingi. Pale ulipo, mnisamehe, ni mazoea ya mdomo.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, shule yetu hapa Tanga ilipata kompyuta. Ilikuja pamoja na mwalimu kijana, mtu wa Maramba, ambaye kila akirudi kutoka kwao alitushushia gunia la machungwa na hotuba ileile: dunia sasa ni ya soko huria, anayejua kompyuta atakula, asiyejua atamtazama anayekula. Baba yangu alikuwa ameshaanza kutazama. Kiwanda alichokitumikia tangu mimi sijazaliwa kiliuzwa, watu wakapunguzwa, naye akarudi nyumbani kwetu mtaa wa Usagara na cheti cha utumishi mwema na saa ya ukutani. Saa yenyewe inakwenda mbele dakika kumi. Mama anasema ndiyo maana walimwachia.

Kazi iliyotutia matatani ilitoka kijijini kwa bibi. Bibi mzaa baba anakaa pwani, mbele kidogo ya Tongoni, na upande ule wote habari ilikuwa moja: mwekezaji anautaka ufuo. Mpima ardhi alikuwa ametangaza kwamba kabla hajapima anataka orodha ya minazi. Mtu asiye wa pwani anaweza asielewe, basi nieleze. Kwetu ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja, na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa mwingine. Unaweza kuwa na minazi ishirini na usiwe na pa kumzika paka. Na wakati ardhi inajulikana kwa mipaka, minazi inajulikana kwa midomo: nani alipanda, nani alipewa, nani alirithi. Sasa mpima alisema midomo basi. Mnazi ulioandikwa, mwenyewe ataulizwa kabla haujaguswa. Mnazi usioandikwa utahesabiwa ni wa mwenye ardhi, kwisha habari.

Bibi ana minazi tisa katika ardhi ambayo si yake. Ardhi ni ya mdogo wake marehemu babu, ambaye sisi tunamwita babu mdogo. Marehemu alikuwa akimpa bibi mnazi mmoja, katika ile aliyoipanda yeye pale, kila mtoto akizaliwa, na kitovu cha mtoto kinazikwa shinani. Watoto saba, wajukuu wawili. Mimi ndiye wa tisa, na mnazi wangu umekwenda upande. Bibi anasema si upepo, ni tabia.

Mwalimu alikubali shule iitengeneze hiyo orodha, na sisi wa chama cha kompyuta ndio tukawa makarani. Watu walikuja kutoka vijijini, mtu anakaa kitini, anataja minazi yake, mwenye ardhi anaitikia au anakataa, na sisi tunachapa. Karatasi hakuna. Karatasi zilikuwa chache hata za mtihani, na Mwalimu alizificha kabatini kwa ajili ya orodha ya mwisho tu.

Adui wetu alikuwa mgao wa umeme. Unachapa jina la mzee, umefika katikati ya ukoo wake, pap, giza kwenye skrini. Mwalimu akaanza kuogopa kwamba siku moja ile kompyuta itazimika isiamke, na vijiji vizima vitakuwa vimelala ndani yake. Akasema tunahitaji ya pili, itakayofuata ya kwanza hatua kwa hatua, ili moja ikianguka nyingine ishike.

Ya pili ilipatikana kwa baba wa rafiki yangu, ng'ambo ya barabara. Rafiki yangu huyo tumekaa dawati moja tangu darasa la nne. Ukoo wao ni Waislamu wenye asili ya Kihindi, wako Tanga tangu enzi ambazo hata babu yake hazikumbuki, na duka lao la ndoo, masufuria na madumu limetazamana na lango la shule kana kwamba linalisimamia. Nimekula kwao kuliko kwetu. Mama yake ananijua ninapenda pilipili ya aina gani. Na mtaa wenyewe una muujiza wake: upande wa shule unapata umeme kwenye transfoma moja, upande wa maduka kwenye nyingine, na mgao haukuwahi kutukata pande zote mbili kwa pamoja. Baba yake alikuwa na kompyuta chumba cha nyuma. Akatuachia, kwa sharti kwamba tusimwage chai.

Tulivuta waya juu ya barabara, tukaufunga kwenye nguzo kwa kamba ya katani, maana Tanga hata ukikosa vyote, katani hukosi. Kisha tukakaa mbele ya skrini nyeusi. Hakukuwa na picha za kubofya. Ni amri tu, unaandika kwa mkono, mstari mmoja baada ya mwingine, ukifuata kurasa za kitabu ambazo Mwalimu alizitoa fotokopi mahali, na ukurasa wa kumi na saba haupo. Ukikosea nukta, kompyuta inakujibu kama karani wa ofisi ya serikali saa nane na nusu mchana: haikutambui, na wala haisikitiki.

Ilituchukua wiki nzima. Kwanza tukaihamisha orodha yote kama ilivyo, ya pili ikawa sawa na ya kwanza. Halafu tukaiamrisha ya kwanza kwamba kila badiliko, jina jipya, mnazi uliofutwa, iliandike pembeni kwenye faili dogo, na kila baada ya dakika chache faili hilo livuke waya. Upande wa pili, kompyuta ya dukani inalisoma na kurudia yaleyale. Ya pili haiandiki neno lake. Inafuata tu.

Rafiki yangu ndiye aliyezipa majina. Alisema, "Hii ya shule ni Imamu. Ya dukani Maamuma. Imamu akirukuu, naye anarukuu. Hamtangulii, haongezi lake."

"Na Imamu akitenguka udhu?" nikamuuliza.

"Anamvuta mmoja wa safu ya nyuma, anasimama mahali pake, sala inaendelea. Chuoni kwa maalim ulikuwa unalala, nini?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Nyie mtanitia dhambini," akasema, lakini tangu siku ile hata yeye akawa anauliza, "Imamu yuko hai?"

Kuna jambo moja la wiki ile ambalo nililipuuza, na sasa silipuuzi tena. Rafiki yangu alikosea siku moja, akaandika amri ya kufuata kwenye kompyuta isiyo yake, Imamu akawa anamsubiri Maamuma na Maamuma anamsubiri Imamu. Hakuna kilichoharibika. Tulirekebisha kabla ya chai. Lakini kesho yake asubuhi, kwenye mstari, kabla ya mkuu wa shule kufika, mimi nilitoka mbele nikaigiza: imamu anageuka nyuma kuuliza safu, "Jamani, turukuu?", na safu inamjibu, "Sisi tunakungoja wewe." Nikaiga na sauti yake, na namna anavyokuna sikio akibabaika. Shule nzima ilivunjika mbavu. Yeye alicheka kuliko wote, nami nikahesabu kwamba yamekwisha.

Sasa, mimi nilikaa na Imamu, yeye na Maamuma. Simu ya duka hatukuruhusiwa kuigusa, basi tukabuni ishara. Kila alasiri saa kumi natoka barazani mwa shule, yeye anatundika ndoo mlangoni mwa duka: ya kijani, Maamuma amefuata mpaka mwisho, nyekundu, kuna tatizo. Siku ya tatu mama mmoja akainunua ile ndoo ya kijani ikiwa inaning'inia palepale. Mimi nikaona mlango mtupu, nikavuka barabara mbio bila kiatu kimoja, nikamkuta rafiki yangu anamwambia yule mama, "Chukua ya bluu bibie, hii inafanya kazi." Mama akajibu, "Ndoo inayofanya kazi ndiyo ninayoitaka."

Kutoka upande wangu nilichoweza kukiona ni kitu kimoja: kwamba faili limetumwa. Skrini ilisema limetumwa, na lilikuwa limetumwa kweli. Kama limesomwa huko lilikokwenda, hilo alilijua mwenye ndoo.

Bibi alikuja siku ya Jumanne. Alikuwa amevaa doti mpya ya khanga, na nyuma yake babu mdogo, kofia imenyooka, anakohoa kikohozi cha mtu mwenye ardhi. Mwalimu alikuwa darasani anafundisha. Siku hiyo duka lilikuwa na wateja wachache, rafiki yangu akawa amevuka kuja kunisaidia kuchapa, maana vidole vyake ni vyepesi kuliko vyangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mbona umekonda? Huyo mke mwenzangu hakupikii?"

"Ananipikia maneno, bibi. Sasa naona nitakurudia wewe."

"Nirudie na nini? Hata mnazi wako umelala. Haya, niandikie mali yangu kabla sijakupa talaka."

Akaitaja minazi yote tisa, mmoja mmoja, kwa mtoto wake na mahali pake. Huu uko nyuma ya kisima, wa shangazi yako mkubwa. Huu ulipigwa na radi ukapona, wa baba yako. Rafiki yangu anachapa, mimi natania. Alipomaliza, tukamtazama babu mdogo. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Ni kweli," akasema. "Kaka alimpa kwa mkono wake, nami nilikuwepo. Minazi hii tisa si yangu."

Rafiki yangu akalichapa hilo neno kwa neno, akalihifadhi, akalifungua upya, akawasomea kwa sauti, wote wawili wakaitikia. Bibi akanyoosha mkono.

"Karatasi yangu iko wapi?"

"Bibi, karatasi inaliwa na mchwa," nikasema. "Haya maneno yako yako mahali pawili. Hapa, na kule dukani. Labda mchwa wajifunze kuvuka barabara."

Hakucheka. Akamgeukia rafiki yangu. "Wewe ndiye unayelinda huko ng'ambo?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi nimekuachia amana."

"Inshallah, bibi," akajibu. Akakuna sikio. Nami, mtu ninayeijua ile ishara mpaka nikaiigiza mbele ya shule nzima, nikaitazama nisiione.

Wiki iliyofuata transfoma ya upande wa shule ilitoa mlio, ikatoa moshi, ikatulia. Huo haukuwa mgao, huo ulikuwa msiba. Imamu akazimika. Zilibaki siku chache mpima aje kuchukua orodha, na watu wa vijiji vya mwisho walikuwa njiani. Mwalimu akasema, "Msimamisheni Maamuma."

Nilivuka barabara kwa mwendo wa bwana harusi. Hii ndiyo siku tuliyoifanyia kazi. Nikamkuta rafiki yangu amekaa mbele ya kompyuta, jasho linamtoka, na feni inazunguka juu yake.

"Tungesubiri," akasema. "Pengine umeme utarudi kesho."

"Usubiri nini? Unaogopa cheo?"

Nikamsogeza, nikaandika amri: acha kufuata, simama mwenyewe. Skrini ikafikiri kidogo, ikakubali. Siku tatu tuliandika watu pale chumba cha nyuma cha duka, katikati ya masufuria. Watu wanne, minazi yao hamsini na kitu. Niliandika tu, sikuangalia nyuma kuna nini. Kwa nini niangalie? Kila siku nilikuwa nimeona kijani.

Umeme ulirudi siku ya nne. Sasa Imamu alikuwa nyuma ya Maamuma kwa watu wale wanne, na utaratibu wa kitabu ni kwamba unamfuta yule wa zamani kabisa, unamjaza upya kwa nakala ya huyu mpya, kisha unaanza kufuatana tena. Mwalimu alikuwa ameitwa kwenye kikao na mpima. Kwenye kurasa zake alikuwa amepigia mstari mwekundu sehemu moja: kabla ya kufuta, hesabu majina pande zote mbili. Kuhesabu ni amri moja tu na dakika moja. Lakini nyuma yangu walikuwa wamesimama wasichana watatu wa kidato cha pili waliokuja kuona "kompyuta inavyofufuliwa", kama nilivyokuwa nimewatangazia, na kuhesabu hakuna utamu wa kutazama.

Rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Maamuma alifuata mpaka Imamu anaanguka?" nikamuuliza.

"Alifuata."

"Sema wallahi."

Nilikuwa natania. Sikuwa na haja ya kiapo chake, nilitaka wasichana wacheke. Akasema, "Wallahi, herufi kwa herufi."

Nikabonyeza kwa kidole kidogo, kwa madaha.

Alasiri Mwalimu alirudi, akataka kuona orodha ya kijiji cha bibi. Akaandika jina la kijiji, likatoka. Akaandika jina la bibi, skrini ikajibu kwamba hakuna. Akaandika la babu mdogo. Hakuna. Akaandika la mtu aliyekuja siku moja na bibi, la mwingine wa siku iliyofuata. Alikuwa anaandika polepole zaidi kila mara. Siku kumi na moja hazikuwepo. Zilianza siku ile mama aliponunua ndoo, au siku moja baada yake, na ziliishia transfoma ilipolipuka. Kaya tisa. Nakala ya Imamu, iliyokuwa nazo zote, nilikuwa nimeifuta mimi asubuhi ile mbele ya mashahidi watatu wa kidato cha pili.

Nilimkuta rafiki yangu stoo ya duka lao, kwenye safu za madumu. Yeye ndiye aliyeanza.

"Diski ilijaa," akasema. "Kulikuwa na mchezo wa mpira, binamu yangu aliuleta kutoka Dar. Haukuwa na nafasi. Nikasimamisha kusoma, nikawa nafuta yale mafaili yako yakija. Nilitaka siku mbili tu."

"Siku kumi na moja."

"Zilikuwa mbili, halafu nikaona nikikuambia sasa..." Akasukuma dumu kwa mguu. "Ungenisimamisha mbele ya mstari. Ungeniigiza. Wewe kila kitu unakitangaza."

"Na wallahi?"

"Nilijua utahesabu. Imepigiwa mstari mwekundu. Nilijua utaona idadi haziko sawa, utanitukana, tutarudisha kutoka kwa Imamu. Wewe huwa unahesabu!"

Hapo ndipo ningempiga, na mkono haukunyanyuka. Sijui kama ni kwa sababu ya pilau za mama yake au kwa sababu alikuwa na robo ya haki. Nikamwambia, "Twende kwa Mwalimu."

"Tangulia, nakuja."

Alikuja kweli. Lakini alikuja kesho yake, mchezo ameshaufuta, na alikuwa na maneno yake tayari. Alimwambia Mwalimu kwamba Maamuma hakuwa na kosa. Siku zile kumi na moja Imamu ndiye alikuwa mgonjwa, tulikuwa tunachapa hewani, hakuna kilichoingia. Nikamweleza Mwalimu habari ya mchezo. Mwalimu akavuka kwenda dukani, akatafuta, hakukuta kitu. Akarudi kwangu.

"Amri ya kufuta nani aliiandika?"

"Mimi."

"Ulihesabu?"

"Hapana."

Hakunipiga. Alikaa kwenye kiti kile cha wakulima, akawa anajikuna nyusi. Ningependelea fimbo.

Ikabidi zile kaya tisa ziitwe tena. Watu walikuja wakinung'unika, wakasema yaleyale, mwenye ardhi akaitikia yaleyale, tukachapa, na safari hii Mwalimu alifungua kabati, kila mtu akaondoka na karatasi. Kaya nane zilipita. Bibi alikuwa wa mwisho. Akaitaja tena minazi yake tisa, kwa mpangilio uleule, na ule wa radi. Mwalimu akamgeukia babu mdogo.

Katikati ya safari ya kwanza na ya pili babu mdogo alikuwa ameshakaa na watu wa mwekezaji mara mbili. Alivua kofia. Safari hii hakuivaa.

"Mimi najua kwamba shemeji alikuwa akila nazi za pale," akasema. "Kula ni kula. Habari ya kupewa siijui."

"Wee!" bibi akasema. "Ulisema juzi hapahapa! Umekaa kiti hikihiki!"

"Kama nilisema, si ingeandikwa? Mashine haisahau, ndivyo mlivyotuambia. Iulizeni."

Mwalimu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mashine ilipata hitilafu. Akauliza nani mwingine alikuwepo.

"Mimi," nikasema.

"Huyo ni mjukuu wake," babu mdogo akasema. "Na ndiye aliyefuta. Mtu afute, halafu awe shahidi wa alichokifuta?"

Hata mimi niliona ni hoja nzuri.

Waliokuwepo marehemu alipotoa ile minazi wako chini ya ardhi ileile. Alibaki mtu mmoja katika dunia nzima asiye ndugu wa yeyote, aliyesikia kwa masikio yake na kuchapa kwa vidole vyake. Alikuwa amekaa kando ya dirisha. Mwalimu akamwita kwa jina lake lote, kama anavyoitwa mtu kwenye cheti.

"Siku hiyo ulikuwepo hapa?"

Nilikuwa namtazama na nilikuwa naona hesabu yake yote inavyopita usoni. Akisema ndiyo, mzee alikubali, nilichapa, nikahifadhi, nikafungua upya nikawasomea, basi Imamu aliyashika maneno, hakuwa mgonjwa, na kama Imamu hakuwa mgonjwa, Mwalimu atauliza faili zilikwenda wapi, na baba yake atasikia. Akisema hapana, ni minazi tisa ya bibi kizee mmoja wa ng'ambo ya Tongoni. Bibi alikuwa amemwelekea mwili mzima, ameweka mikono magotini. Alikuwa anatabasamu, kama mtu aliyeona gari lake linakuja.

"Mwalimu," rafiki yangu akasema, "siku zile watu walikuwa wengi sana. Sikumbuki vizuri."

"Hukumbuki kama ulikuwepo, au hukumbuki alichosema?"

"Sikumbuki."

Babu mdogo akavaa kofia.

Mpima alichukua orodha Ijumaa. Chini ya jina la babu mdogo kuna minazi arobaini na moja. Tisa kati yake naijua kwa majina ya watu, na mmoja naujua zaidi. Mwalimu alijaribu kuandika pembeni kwamba kuna mzozo; mpima akasema fomu haina nafasi ya mizozo, ina nafasi ya idadi.

Nilimsindikiza bibi mpaka kituo cha magari ya Pangani. Njia nzima nilikuwa natafuta neno la kuchekesha, kwa mara ya kwanza maishani nikalikosa. Nikamwambia yote: mchezo wa mpira, ndoo, wasichana watatu, kidole kidogo. Sikujitetea sana. Kidogo tu. Yeye alikuwa ananunua ubuyu.

"Babu yako mdogo sikushangaa," akasema mwishowe. "Yule tangu kijana ukimwachia mboga anakurudishia sufuria. Lakini yule mtoto alisikia. Nilikuwa namtazama. Alisikia siku ile, na alisikia na leo."

"Nitamvunja mguu, bibi."

"Umvunje mguu minazi isimame? Kaa kimya. Wewe mwenyewe ulininyima karatasi." Aliniambia hilo bila ukali, kama anayenikumbusha nimesahau kofia. Akanipa ubuyu kidogo kwenye kiganja, akaanza kuingia garini, kisha akageuka ngazini, watu wanamsukuma nyuma.

"Mwambie simdai kitu. Mwambie siku akikumbuka, aje. Hata kama mimi sipo, aje amwambie yeyote atakayemkuta pale."

Nikasema sawa bibi.

Huu ni mwezi wa tano tangu siku ile. Dawati ni lilelile, maana mkuu wa shule hakukubali nihame. Mwalimu ametuwekea sharti: kila alasiri tunahesabu majina pande zote mbili, rafiki yangu anavuka barabara na namba yake, mimi nasoma yangu, tunaandika kwenye daftari, tunatia sahihi. Hatuongei lingine. Ameacha kucheka ninapochekesha darasa, na ameacha kula. Mama yake alinisimamisha dukani wiki iliyopita, akaniuliza kama najua mwanawe anaumwa nini.

Nilijua. Na nilikuwa na dawa yake mdomoni, maneno mawili matatu ya bibi, nimeyabeba tangu kituoni. Nikamjibu mama yake kwamba labda ni mtihani.

Sijayafikisha. Kila siku nasema kesho.